Mwiba mmoja, viraka vitatu na jua la Garsen

Mambo yampasayo kujua kila afanyaye mazoezi ya baiskeli katika njia za vumbi

JE, msomaji, daktari wako amewahi kukuambia ufanye mazoezi? Ikiwa umepita umri wa miaka 40 na kazi yako ni ya kuketi, huenda umeshaambiwa zaidi ya mara moja. Presha imeanza kupanda, sukari inakaribia mpaka, na suruali za mwaka jana hazifungi tena. Daktari anakuandikia dawa, kisha unapoinuka anaongeza: "Na ujitahidi kutoa jasho."

Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Magoti yangu hayakuweza kuvumilia mbio, kwa hivyo nikanunua baiskeli ya mtumba ya milimani, ile yenye matairi manene na gia nyingi. Nilianza na dakika 20 jioni katika mitaa ya Malindi. Baada ya miezi michache nilikuwa nikitoka kila Jumamosi kwenda Mambrui na Gongoni, na presha yangu ikaanza kushuka.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hizo ni nusu saa tu kwa siku, kwa siku tano. Baiskeli hutimiza sharti hilo vizuri, kwani huchangamsha moyo na mapafu, huimarisha misuli ya mapaja na kusaidia mwili kutumia sukari ipasavyo. Isitoshe, uzito wako hubebwa na kiti, hivyo magoti hayapati kishindo yanachopata mtu anapokimbia.

Hata hivyo, dawa yoyote ina kipimo chake. Nataka nikueleze siku moja ya Februari karibu na Garsen, ambapo mazoezi hayo ya kutafuta afya yalikaribia kumuua mwenzangu. Kosa letu lilianzia kwenye tairi.

Tambarare isiyo na huruma

Ukitoka Malindi kuelekea kaskazini utapita Gongoni na Marereni, kisha utafika Minjila. Hapo barabara hugawanyika, moja ikielekea Hola na Garissa na nyingine ikiingia Garsen na kuendelea hadi Witu na Lamu. Barabara hiyo ya Lamu, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa vumbi lake wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, sasa ina lami. Lakini ukiiacha barabara kuu, unaingia katika njia za udongo na mchanga zinazounganisha vijiji vya Wapokomo kandokando ya Mto Tana, na zile za wafugaji wa Kiorma ziendazo mtoni. Njia hizo za kunyweshea mifugo huitwa malka.

Nchi hii ni tambarare. Hakuna mlima wala kilima cha kumtoa mtu pumzi, na anayeitazama katika ramani hudhani ni mahali rahisi pa kuendesha baiskeli. Sisi tulidhani hivyo. Tulikuwa watu watatu, na tulipanga kutoka Minjila, tuiache lami, tufuate njia ya mifugo kwa kilomita 25 hivi, kisha turudi tule chakula cha mchana Garsen.

Kosa la kwanza lilikuwa saa. Tulichelewa kwa chai na mandazi, tukaondoka saa tatu kasorobo asubuhi badala ya saa kumi na mbili. La pili lilikuwa maji. Kila mmoja alibeba lita mbili, akiamini angeyapata mengine njiani. Kosa la tatu ni viraka. Tulikuwa na pampu moja, gundi kidogo na viraka vitatu, lakini hatukuwa na tyubu ya akiba.

Ambaye hajafika pande hizo huenda hajui mathenge. Huu ni mti wa kigeni wenye asili ya Marekani ya Kusini na Kati, na wataalamu huuita Prosopis juliflora. Uliletwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni, na Bura, katika Tana River, ni miongoni mwa mahali ulipopandwa. Baadaye ukatapakaa wenyewe hadi ukawa vichaka vilivyoziba njia na malisho. Miiba yake ni mirefu, migumu na yenye ncha kali, na tawi kavu likianguka njiani hufunikwa na vumbi lisionekane.

Pancha ya kwanza tuliipata baada ya saa moja. Mwenzangu alichomoa mwiba, tukabandika kiraka, tukajaza upepo, tukaendelea huku tukicheka. Hatukuwa tumefika mbali tairi lile lile likaisha upepo tena. Tukabandika kiraka cha pili. Baada ya muda mfupi likaisha kwa mara ya tatu.

Ni hapo ndipo tulipofanya jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo. Tulipitisha kidole polepole ndani ya tairi, na kumbe ncha ya mwiba ulioingia mwanzo ilikuwa imekatikia humo. Sehemu tuliyoichomoa ilikuwa shina tu. Kila tulipobandika kiraka, ncha ile ilikuwa ikitoboa tyubu mahali papya. Viraka vyote vitatu vilikwisha kwa mwiba mmoja.

Ilikuwa imekaribia saa sita. Tukageuza na kuanza kurudi kwa miguu, mmoja akisukuma baiskeli na wengine wakimngoja. Maji yaliisha muda si mrefu. Mwenzangu alilalamika kuumwa na kichwa, kisha akanyamaza. Baadaye aliniita kwa jina la kaka yake. Nilipomgusa shingoni, ngozi ilikuwa ikiwaka moto.

Tulimwona mzee mmoja mfugaji chini ya mti pamoja na ng'ombe wake. Tulipomwamkia alituangalia, akasema: "Vijana, saa hizi hata ng'ombe wamekaa kivulini. Nyinyi mnakwenda wapi?" Hakungoja jibu. Alimlaza mwenzetu kivulini, akaagiza mtoto alete madumu ya maji ya mtoni, akatuamuru tumvue shati. Tulimmwagia maji na kumpepea kwa shuka mpaka pikapu iliyobeba maembe ilipopita na kutuchukua. Hospitalini daktari alituambia kuwa kupozwa mapema ndiko kulikomwokoa mwenzetu. Mzee yule hakuwa na cheti cha huduma ya kwanza, lakini aliyoyafanya ndiyo yanayofundishwa na wataalamu.

Namna joto linavyoua

Mwili wa binadamu hufanya kazi vyema ukiwa na joto la nyuzi 37 hivi. Misuli inapofanya kazi hutoa joto jingi, na njia kuu ya kuliondoa ni jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi huondoka na joto. Lakini jasho ni maji na chumvi kutoka katika damu. Usipoyarudisha, damu hupungua, moyo hulazimika kupiga haraka zaidi, na hatimaye mwili hushindwa kujipoza.

Kuna hatua mbili unazopaswa kuzitofautisha. Ya kwanza ni uchovu wa joto. Mtu hutoka jasho jingi, huhisi kizunguzungu, kichefuchefu na maumivu ya kichwa, na misuli yake hukakamaa. Huyu akipumzishwa kivulini, akalegezwa nguo na kunyweshwa maji yenye chumvi na sukari, aghalabu hupata nafuu.

Ya pili ni kiharusi cha joto. Joto la mwili hufika nyuzi 40 au zaidi, na ubongo huanza kuathirika. Dalili kubwa ni kuchanganyikiwa: mtu hujibu ovyo, huwa mkali bila sababu, hupepesuka, huanguka au huzimia. Usidanganyike na jasho. Wengi wameambiwa kuwa mtu wa namna hii lazima awe na ngozi kavu, lakini aliyekuwa akifanya mazoezi anaweza kuwa bado amelowa jasho. Akianza kuchanganyikiwa katika joto, basi hiyo ni dharura.

Mpoze kwanza, kisha umpeleke hospitali. Mweke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na umpepee bila kukoma. Weka vitambaa vilivyoloweshwa shingoni, makwapani na kwenye kinena. Maji ya mto yanafaa kwa kazi hii hata kama hayafai kunywa. Endeleeni kumpoza hata mkiwa ndani ya gari. Asiyejitambua asinyweshwe kitu chochote, kwani anaweza kupaliwa. Wala usimpe dawa za kupunguza homa, kwa kuwa homa ya malaria na joto la jua havitokani na chanzo kimoja.

Ili usifike huko, toka alfajiri na uwe umemaliza safari kabla ya saa nne. Katika joto la Tana, mwendesha baiskeli huhitaji kati ya nusu lita na lita moja ya maji kwa kila saa, akinywa kidogo kidogo. Kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi nako kuna hatari, kwani chumvi ya damu huzimuliwa na mtu anaweza kupata degedege. Kwa safari ndefu changanya maji safi lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ndizi mbili tatu zitakuongezea nguvu. Kagua pia mkojo wako: ukiwa na rangi ya majani makavu hafifu, uko salama, ukiwa kama chai ya rangi, umechelewa.

Wanaotumia dawa za presha zinazoongeza mkojo, wagonjwa wa figo na wenye kisukari wasianze safari za namna hii bila kumwuliza daktari. Mwenye kisukari abebe glukosi au peremende mfukoni, na wenzake wajue ziliko.

Tairi ni sehemu ya afya yako

Kabla ya tairi la upepo, waendesha baiskeli walivumilia magurudumu ya chuma, mbao au mpira mgumu. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aitwaye John Boyd Dunlop, aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza tairi la mpira lililojazwa hewa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tangu hapo hewa ndiyo inayopokea mitikisiko ambayo isingekuwa hivyo ingeishia mgongoni na mikononi mwako.

Kosa la watu wengi ni kujaza upepo mpaka tairi linakuwa gumu kama jiwe. Wanadhani hivyo ndivyo baiskeli inavyokwenda kasi. Katika lami laini kuna ukweli fulani, lakini katika changarawe na njia yenye matuta madogo madogo kama mawimbi, tairi gumu hurukaruka. Kila mruko hukupotezea nguvu, hukuumiza kiungo na kukupunguzia mshiko. Tairi lililolegezwa kiasi hulalia mawe na kupita.

Ubavuni mwa tairi pameandikwa vipimo. Ukiona 26 x 2.00, maana yake ni gurudumu la inchi 26 na tairi lenye unene wa inchi mbili. Blekimamba za vijijini aghalabu ni za 28 x 1½. Hakikisha tyubu unayonunua inalingana na tairi, na valvu yake inalingana na pampu yako. Kuna valvu nene kama ya gari, kuna nyembamba yenye kishikizo cha kufungulia, na kuna ile ya kizamani ya blekimamba. Pampu ya moja huenda isifae nyingine, na si vizuri kuligundua jambo hilo ukiwa katikati ya mathenge.

Hapo ubavuni pia pameandikwa kiwango cha upepo, kwa kipimo cha pauni kwa inchi ya mraba. Kiwango cha juu kilichoandikwa ndicho mwisho wa kujaza, usikivuke. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la inchi mbili lenye tyubu, pauni 40 hadi 50 zafaa lami. Katika changarawe na udongo, anza na 35 hivi, kisha upunguze au uongeze kidogo kulingana na njia. Katika mchanga mwingi legeza zaidi, lakini usizidishe. Ukilegeza mno, tairi likigonga jiwe tyubu hubanwa na ukingo wa ringi, na utaona matundu mawili yaliyokaribiana kama alama za meno ya nyoka. Aliyepata matundu hayo asilaumu miiba. Tatizo ni upepo haba.

Dhidi ya miiba, mafundi wa chini ya mti wana dawa yao ya tangu zamani. Hukata tairi kuukuu, huondoa kingo zake ngumu na kulitandika ndani ya tairi jipya, juu ya tyubu. Baiskeli huwa nzito kidogo, lakini mwiba hulazimika kupenya ngozi mbili. Ukitumia njia hii, kingo za kipande hicho zikatwe laini, la sivyo zitaikwaruza tyubu yenyewe. Wenye uwezo hununua utomvu maalumu unaowekwa ndani ya tairi, ambao huziba tundu dogo mara mwiba unapochomolewa.

Ukipata pancha, fuata utaratibu. Sogea kivulini kwanza, unywe maji, kisha ushughulikie baiskeli. Zungusha gurudumu uangalie nje, uchomoe kila mwiba. Fungua tairi, jaza tyubu upepo na uipitishe karibu na midomo au shavu, mahali ambapo ngozi huhisi hata upepo mdogo, kwa kuwa huko hutakuwa na karai la maji. Baada ya hapo pitisha kidole ndani ya tairi lote, polepole, ukitangulia na kipande cha kitambaa ili usichomwe. Usirudishe tyubu mpaka umehakikisha hakuna ncha iliyobaki. Jambo hili huchukua dakika mbili, nasi tulipoliacha lilitugharimu saa tatu za jua.

Beba tyubu mbili za akiba, viraka visivyopungua sita, gundi ambayo haijakauka, na pampu. Sikufikiria kamwe kwamba viraka ni sehemu ya sanduku la huduma ya kwanza, lakini katika nchi kame hivyo ndivyo vilivyo. Anayeweza kuziba tundu huondoka juani, na asiyeweza hubaki humo.

Kiti, mikono na kichwa

Wapo wanaoacha baiskeli kwa sababu ya maumivu ambayo yangeondolewa kwa spana moja. Keti kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka. Ukikanyaga sasa kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limepinda kidogo, nayo ndiyo hali inayotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, goti litauma upande wa mbele. Kikiwa juu mno, nyonga zitayumba na mgongo utalalamika.

Ganzi ya sehemu za siri ni jambo ambalo wanaume wengi huona haya kulisema. Husababishwa na kiti kubana mishipa ya fahamu na ya damu. Usiivumilie. Weka kiti sawasawa kisielekee juu, inuka kitini kila baada ya dakika kumi, na ikiwa ganzi inaendelea badilisha kiti. Wanawake nao hupata michubuko, na kiti kipana kidogo pamoja na nguo isiyo na mshono wa katikati husaidia.

Vidole vya mwisho viwili vikifa ganzi, ujue unalalia usukani kwa nguvu. Badilisha mkao wa mikono mara kwa mara, vaa glavu, na urudi kupima upepo wa tairi la mbele. Aghalabu ganzi ya mikono hupungua tairi linapolegezwa.

Kuhusu kichwa, sina mengi ya kusema isipokuwa vaa helmeti. Mchezo wa baiskeli katika njia za changarawe umekua nchini, na tangu mwaka 2021 Maasai Mara imekuwa na mashindano yanayojulikana kama Migration Gravel Race, ya siku nne katika njia za vumbi. Wakenya wengi walimfahamu mchezo huu kupitia kwa Sule Kangangi, nahodha wa timu ya Amani. Agosti 2022 aliaga dunia baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe jimboni Vermont, Marekani. Ikiwa mwendeshaji hodari kama yeye angeweza kupatwa na ajali, sisi wa Jumamosi hatuna sababu ya kujigamba. Helmeti haizuii kila kifo, lakini hupunguza sana majeraha ya kichwa. Iliyowahi kupata kishindo kikubwa ibadilishwe hata kama haionyeshi ufa.

Mto, maji na majeraha

Mto Tana ndio mrefu kuliko yote nchini, na uzuri wake humvuta mgeni. Lakini usishuke ukingoni kuosha miguu bila kuwauliza wenyeji. Mamba na viboko wako humo, na viboko hutoka kula nyasi usiku na kurudi alfajiri, saa ile ile unayoanza safari. Njia za pembeni ya mto zina manufaa yake, lakini mpe kiboko nafasi apite.

Maji yaliyotulia ya mifereji na vidimbwi yana hatari nyingine. Kichocho kimejulikana kwa muda mrefu katika maeneo ya kilimo cha umwagiliaji ya Hola. Vijidudu vyake hupenya ngozi ya anayekanyaga maji hayo. Ukiona damu katika mkojo wiki au miezi baada ya safari, nenda hospitali na ueleze ulikopita, kwani tiba ipo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, maana homa ya matumbo na kipindupindu havichagui mwanamichezo.

Mchubuko wa changarawe uoshwe kwa maji mengi safi na sabuni mpaka mchanga wote utoke. Mwiba wa mathenge uliokatikia karibu na kiungo, hasa goti au kidole, usichokolewe kwa pini. Kiungo kikivimba, mwone daktari. Chunguza pia kadi yako ya chanjo ya pepopunda, kwa sababu kinga yake huhitaji kuimarishwa kila baada ya miaka kumi. Na jioni ukilala Garsen, usisahau neti.

Mwisho, uliza habari za njia. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya 2024 yalifunga barabara ya Garsen kwenda Lamu, na njia za vijijini huharibika kabla ya lami. Udongo mweusi ukilowa hunata kwenye magurudumu mpaka yagome kuzunguka. Hali kadhalika, uliza polisi na wazee kuhusu usalama, na mwambie mtu mmoja unakokwenda na saa utakayorudi.

Tulirudi

Mwenzetu alilazwa kwa siku mbili. Wiki kadhaa baadaye, baada ya daktari kumruhusu, aliniuliza kama nitakwenda naye tena Minjila. Tulikwenda. Tuliondoka saa kumi na mbili kasoro, tukiwa na lita nne za maji kila mmoja, tyubu sita kwa jumla, na vipande vya tairi kuukuu vilivyokatwa na fundi mmoja wa Garsen aliyetucheka kwa kuja na baiskeli ghali zisizo na kinga ya miiba.

Siku hiyo tulipata pancha moja. Tulisogea kivulini, tukanywa maji, tukapitisha kidole ndani ya tairi na kuipata ncha. Tulikuwa njiani tena baada ya robo saa. Tulimkuta yule mzee mahali pale pale, tukamkabidhi sukari na majani ya chai tuliyomletea. Alitazama jua, ambalo bado lilikuwa chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Leo mmekuja saa ya ng'ombe," akasema.

Msomaji, baiskeli ni dawa nzuri, na njia za vumbi ni mahali pazuri pa kuitumia. Ianze polepole katika mtaa wako, uzoee, kisha utoke. Lakini usiku kabla ya safari, unapotafuta viatu na kujaza chupa za maji, chukua pia tairi lako mikononi na ulikague. Kinga ni bora kuliko tiba, na huko Garsen kinga hiyo huanzia kwenye ncha ya kidole chako.